Iringa ina mahindi na makanisa, mbona watoto wamedumaa?

Wakikaa watu watatu wa huku nyanda za juu kusini, ubishi huu hauchelewi kuibuka. Mmoja atasema kijiji chetu kimebadilika kwa ajili ya neno la Mungu, watu wameacha pombe, wanajenga, wanasomesha. Mwingine atacheka, atasema acha hizo ndugu yangu, kilichobadilisha kijiji ni lami, mbolea ya ruzuku na bei ya parachichi, makanisa yalikuwepo toka enzi za Mjerumani na wazee wetu walikufa na kaptula yenye kiraka. Na huyu wa pili siku hizi anatembea na takwimu yake mfukoni, akiitoa watu wanakaa kimya.

Takwimu yenyewe ni hii: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka, wakati wastani wa taifa ni 30 tu. Njombe nayo imepita 50. Hii ndo mikoa inayolisha nchi jamani, mahindi, viazi, maharage, maziwa, na ndo mikoa ambayo huwezi kutembea saa moja hujakutana na kengele ya kanisa. Kwahiyo jamaa anauliza, imani yenu imebadilisha nini kama zaidi ya nusu ya watoto hawakui?

Swali ni halali na wala tusilikwepe. Ana na mengine ya kuongezea. Njombe VVU bado wako kwenye asilimia 12.7 kwa utafiti wa 2022 hadi 2023, na taifa ni 4.4. Mwanzoni mwa 2019 huko huko Njombe watoto waliuawa kwa imani za kishirikina na kila aliyeisikia ile habari alijiuliza hawa wote wanaojaa kanisani jumapili ni kina nani. Halafu kuna hawa wa mafuta na maji ya upako wanaomwambia mgonjwa atupe dawa, na tusijifanye ni wageni tu, Loliondo mwaka 2011 mwenye kikombe cha dawa cha shilingi 500 alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, na mabasi ya kwenda huko yalijaa watu wa makanisa yote. Imani ikiharibika inaua. Hilo halina ubishi.

Ila mi naona kuna upande hausikilizwi vizuri, na sio wa wahubiri wa kwenye spika. Ni wale wa usharika wa kawaida kabisa kijijini, mzee wa kanisa mwenye daftari lililochanika jalada, mama wa jumuiya, yaani kikundi kidogo cha waumini majirani, mwinjilisti anayelipwa kidogo akilipwa. Hawa hawajui kujieleza na wanaowatetea huwa wanawatetea vibaya, wanasema "ni maombi tu" wakati wamefanya kazi kubwa ambayo ingetosha kuelezwa kama ilivyo.

Historia sitairudia ndefu, kila mtu wa Tukuyu anajua Wamoraviani walifika Rungwe 1891 na mtu wa Iringa hahitaji kuambiwa misheni ya Wakatoliki ya Tosamaganga ni nini. Niseme Ikonda tu. Hospitali ya Wakonsolata, wamisionari wa Kikatoliki, iko juu kule Makete kwenye baridi, na watu walikuwa wanatoka mikoa ya mbali wanapanda kule na barabara ya vumbi na matope wakati lami haijawaziwa. Sasa mtu anaposema lami ndo imeleta maendeleo Makete namwelewa, ila aseme pia nani alikuwepo kabla ya lami, na kwanini alikubali kukaa pale.

Lakini majengo ni sehemu ndogo. Kikubwa ni kwamba kijijini kanisa ndo mkusanyiko pekee unaokutana kila wiki, mvua au jua, bila posho. Mkutano wa kijiji mwenyekiti anaweza kuuitisha mara tatu akidi haijatimia. Mradi wa wafadhili unakuja na gari nyeupe, semina, soda, miaka mitatu imeisha, kibao kinabaki barabarani kinapauka. Jumuiya inakutana tu. Na ikikutana inajua nani hajaonekana, nani kafiwa, nani mke wake ana jicho jeusi. Miaka ile ya ukimwi Makete nyumba nyingi zilibaki za bibi na wajukuu, na aliyekuwa anamlimia bibi shamba lake ni hao hao wa jumuiya, hakuna ripoti iliyoandikwa kwa hiyo hakuna takwimu.

Au chukua ulanzi. Mtu wa pwani hawezi kuelewa ulanzi ni nini kwa mtu wa Iringa. Mianzi inagemwa masika, na masika ndo wakati wa palizi, kwahiyo pombe ya bei rahisi kabisa inafurika miezi ile ile shamba linapomhitaji mwanaume, baba anaanza na mtogwa, ulanzi mbichi, asubuhi maana ni mtamu kama juisi, jioni yuko kwenye mkangafu, ule uliochacha na kuwa mkali, na mama yuko shambani peke yake na mtoto mgongoni. Serikali imetunga masaa ya kufungua vilabu, sijui nani anayafuata. Aliyewahi kumtoa mwanaume mmoja mmoja klabuni na akakaa nje kwa miaka ni uamsho wa kilokole, tena kwa njia ambazo wasomi tunazicheka, ushuhuda mbele ya watu, kuimba, kutembelewa nyumbani na wenzake watatu jumatano jioni muda ule ule ambao angekuwa klabuni. Mtu anabadilisha marafiki, na akibadilisha marafiki pesa ya gunia inafika nyumbani. Hakuna mbolea ya ruzuku inayofanya hivyo.

Na sadaka ya mavuno nayo inadharauliwa bure. Kuku, debe la mahindi, mkungu, vinanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, watu wanacheka wanapandishiana bei, pesa inasomwa hadharani na wiki ijayo mhazini anaulizwa. Kwa wengi kijijini hapo ndo mahali pa kwanza pa kuona pesa ya umma ikihesabiwa mbele yao. Watu wakija kuanzisha kikoba wanakuta kazi ya kuaminiana ilishafanyika. Hata ule ushirika wa Bega kwa Bega, dayosisi ya Iringa na Walutheri wa Minnesota toka 1987, umedumu maana kila usharika wa kule umefungwa na usharika wa huku unaojulikana kwa jina, ukikaa kimya unaulizwa.

Turudi kwenye udumavu, maana hapa ndo naona wabishi wameshika panga kwenye makali. Iringa mwaka 2015/16 ilikuwa kwenye asilimia 42 hivi. 2018 ikawa 47. 2022 hiyo 56.9. Inapanda! Sasa niambie, ndani ya miaka hiyo makanisa yalipungua nini? Kilichoongezeka ni lami, umeme wa vijijini wa REA, bodaboda, soko, simu ya kutuma pesa, yaani vyote ambavyo mnasema ndo vinabadilisha kijiji. Kama takwimu hii inaihukumu imani basi inaihukumu na barabara, tena barabara zaidi. Ukiangalia kwa karibu inaeleweka, lori likifika mpaka mlangoni maharage yote yanapanda lori, trei ya mayai inaenda mjini, mtoto anabaki na uji wa mahindi mtupu, mama katoka alfajiri kwenda shamba la mbali, anayemlisha ni dada yake wa miaka saba. Chakula kipo na pesa ipo. Anayeamua kipi kiuzwe na kipi kibaki jikoni ni baba, na baba hajawahi kuambiwa na mtu anayemheshimu kwamba yai ni la mtoto.

Hapo ndo nina ugomvi wangu na kanisa, na ni ugomvi wa mtu wa ndani. Mimbarani tumesema sana juu ya pombe, ada na mchango wa bati, sahani ya mtoto tumeiachia kliniki, na kliniki wanakwenda kina mama. Baba akienda sana ni ile siku ya kwanza ya kupima na mwenza wake.

Wakati Walutheri, Wamoraviani na Wakatoliki wote wanabatiza watoto wachanga. Maana yake karibu kila mtoto wa vijiji hivi analetwa kanisani ndani ya zile siku 1000, toka mimba mpaka miaka miwili, ambazo wataalamu wa lishe wanazililia, na baba amevaa koti kasimama pale mbele na wasimamizi wa ubatizo wako pembeni, na kabla ya hapo wamekaa kwenye mafundisho. Ofisi ya mkoa ikiitisha semina ya lishe haiwapati hao kina baba hata kwa posho. Mchungaji anao, bure, amewaketisha kwenye benchi anawauliza amri kumi, na akimaliza ya kumi ana nusu saa nzima kabla hawajaanza kuangalia saa.