Ree Mbili na Maharage ya Shemeji

Jumamosi usiku hapa Mwanga, shemeji yangu alipoteza kilo nzima ya maharage ya Kasulu kwenye Omaha, ile poka ya karata nne mkononi. Ndiyo, maharage. Barazani kwetu pesa haiwekwi, dada yake alishapiga marufuku. Alikuwa na ree (A) mbili, 7 na 2, kila karata na aina yake. Akapandisha, nikapandisha, hadi rundo lake lote likaingia katikati. Ilipofunuliwa karata ya mwisho akanitazama kama nimemkwapulia simu: "Lakini shemeji, nilikuwa na ree mbili!"

Nimeichoka hiyo sentensi.

Watu wanatoka Hold'em, poka ya karata mbili mkononi, na kuingia Omaha kama abiria aliyeshuka Tabora akidhani ndiyo mwisho wa reli. Jamani, karata nne zina jozi sita ndani yake, na za mkononi unatumia mbili tu, si moja, si tatu, pamoja na tatu za mezani. Hesabu jozi za shemeji. Ree na ree, sawa. Tano zilizobaki ni wadandiaji, tiketi hawana. Mimi nilishika J-10-9-8, kopa mbili, shupaza mbili. Chomoa zozote mbili, zinashikana. Flopu, yaani karata tatu za kwanza mezani, ikaja 7-6-2. Hapo kuna karata 13 za kunipa streti, yaani tano zinazofuatana, na kila moja inanipa streti ya juu kabisa. Hata kabla ya flopu tulikuwa karibu nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu! Na mwenzangu anajiona keshashinda.

Kwa hiyo anayeanza asiniulize karata kubwa ni zipi. Ajiulize hii ya nne imefuata nini hapa. Umeshika K-Q-J-4? Hiyo 4 ni mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi, anasubiri pilau tu. Wenzako wana jozi sita, wewe una tatu, halafu unashangaa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: ree mbili ndiyo jozi bora. Zikija na K mbili, kopa na shupaza zikigawana sawasawa, hakuna mkono wa kuzitangulia kabla ya flopu, na hata mimi nitasukuma hadi punje ya mwisho. Ila ree tatu mkononi ni kujinyang'anya mwenyewe. Jozi ya 3 itakupa seti ndogo, yaani 3 tatu, na kilio kikubwa. Flashi ya 8, yaani karata tano za aina moja na kubwa yako ni 8, vilevile.

Wala sijidai. Mwanzoni nilikuwa siweki chini mkono hata mmoja, maana kila karata nne zilikuwa na sura ya mchumba. Nilikula wali bila maharage wiki mbili.

Leo asubuhi shemeji katuma ujumbe. Jumamosi anakuja tena, na safari hii analeta dagaa.