Mpinzani ni Mlima au Aliyekaa Pembeni? Ubishi wa SSX ya 2012 na SSX 3

Kwenye mabanda ya gemu ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, mpira wa miguu ndio unaoshika mashine nyingi. Michezo ya ubao wa theluji ina wapenzi wachache, ila wachache hao ni wabishi kwelikweli. Ubishi wao mkubwa ni mmoja: SSX ipi ni bora, ile ya 2003 ya PlayStation 2 au ile ya 2012 ya PlayStation 3?

Kwa ambaye hajawahi kuushika, SSX ni mchezo wa kampuni ya EA ulioanza mwaka 2000 pamoja na ujio wa PlayStation 2. Unashuka mlima wa theluji kwa ubao, unaruka matuta, unajizungusha hewani, unashika ubao na kufanya manjonjo ambayo hakuna binadamu angeyaweza. Manjonjo yanakujazia busti, na busti inakupa mwendo. Mwaka 2001 ikaja SSX Tricky, ambamo kila njonjo kubwa linawasha herufi moja ya neno TRICKY. Zikitimia sita, busti haikuishii. Mwaka 2003 ikaja SSX 3. Zikafuata nyingine, kisha mwaka 2012 ikatoka ile iliyoitwa SSX tu, ya PlayStation 3 na Xbox 360.

Tuanze na Kilimanjaro, maana kwa Watanzania hapo ndipo sauti hupanda.

SSX ya 2012 ina safu tisa za milima: Rockies, Alaska, Alps, Patagonia, Siberia, Himalaya, New Zealand, Antaktika na Afrika. Afrika ndiyo Kilimanjaro. Waundaji walianza na vipimo vya sura ya ardhi vya setilaiti za NASA, kisha wakavichonga na kuvitia matuta, mabomba ya kuterezea na mapango. Kila safu ikapewa hatari yake kuu. Alaska ina maporomoko ya theluji, Antaktika ina baridi, Himalaya ina hewa nyembamba. Kilimanjaro ikapewa giza: unavaa taa ya kichwani na kushuka ndani ya mapango.

Wanaoitetea wanasema ni mara chache mchezo mkubwa wa dunia kutuletea mlima wetu kwa jina lake, na kwamba giza lenyewe limetengenezwa kwa ufundi. Ni kweli. Taa inamulika kipande kifupi mbele yako, kama taa ya mvuvi wa dagaa usiku usio na mwezi: unaona pale inapoangukia, kwingine kote ni kukisia. Ukitaka kufika salama, achia busti kabla ya kila kona, fuata katikati ya njia, wala usiruke tuta ambalo hujaona mwisho wake. Anayejua kujizuia anafika chini, mwenye pupa anaishia ukutani.

Wanaoipinga wanauliza kwa nini Afrika ndiyo ikapewa giza. Mlima uliopo digrii 3 kusini mwa ikweta, wenye mita 5,895, unaojulikana kwa weupe wa Kibo juu ya mbuga yenye jua, umegeuzwa tundu. Hata hatari ya kweli ya mlima huo haimo: barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na mtu angeshuka pale kwa ubao angekuta mawe na vumbi la volkano sehemu kubwa ya njia.

Hoja hii ya pili ina uzito, lakini wanaoitoa wanaacha kosa kubwa zaidi, ambalo ni la kiufundi. Raha yote ya SSX iko kwenye maandalizi ya mruko. Unashikilia kitufe cha kuruka kabla hujafika ukingoni, na papo hapo unasukuma upande unaotaka kuzungukia ili mwili ujikunje. Ukiachia kitufe pale pale ukingoni, nguvu uliyoikusanya inageuka kuwa mizunguko. Ukichelewa kujikunja, unaruka mkavu: unazunguka polepole na pointi zinakuwa chache. Sasa mtu asipoona tuta mapema, atajikunja saa ngapi? Giza la Kilimanjaro linamnyang'anya mchezaji kitu kilekile alichonunulia CD. Hewa nyembamba ya Himalaya haina kosa hilo, kwa sababu unavuta oksijeni huku bado unaona njia na unapanga miruko yako.

Na hili si la Kilimanjaro peke yake. Mchezo wa 2012 umejengwa juu ya wazo kwamba mlima ni adui. Una aina tatu za mashindano: mbio, manjonjo na kunusurika. Hiyo ya tatu ndiyo inayowagawa watu, ila hata kwenye mbio za kawaida kuna mabonde yasiyo na sakafu. Unatoka vizuri kwenye tuta, unatua pembeni kidogo, unadondokea shimoni.

Ukidondoka, unapewa kitufe cha kurudisha nyuma muda. Unarudi sekunde kadhaa na kujaribu tena. Watetezi wanakipenda: anayejifunza hatupwi mwanzo wa njia, na kosa analirekebisha palepale likiwa bado kichwani. Lakini kina gharama. Kwenye manjonjo kinakula pointi. Kwenye mbio, wewe unarudi nyuma na wapinzani wako hawarudi, wanaendelea kushuka. Kwa hiyo wa kwanza aliyedondoka mara moja anaweza kujikuta wa nne bila mtu kumpita kwa ustadi. Nani kamshinda? Shimo.

Ukiwa unapambana na mashimo hayo, usirudishe muda pungufu ya unaohitaji. Wengi hurudi hadi juu ya tuta tu, kisha wanarudia kosa lilelile, kwa sababu kosa halikuwa kwenye tuta. Mara nyingi lilikuwa kwenye kona iliyotangulia, pale walipoingia na busti wazi na kufika ukingoni wakiwa wameelekea upande. Rudi hadi pale ambapo ubao bado umenyooka, kisha achia. Kosa la pili la kawaida ni kutua huku bado umeshika ubao. Katika SSX, mkono usipoachia kabla ya theluji, unaweza kuanguka hata kama mruko ulikuwa safi. Wanaotoka kwenye mpira hukosea hapa sana kwa sababu wamezoea kukandamiza kitufe mpaka tukio liishe.

SSX 3 ina mtazamo mwingine. Mlima ni mmoja, wenye vilele vitatu, na njia zake zimeunganishwa. Ukishafungua kilele cha juu unaweza kushuka hadi chini kabisa bila kusimama, safari ya takriban nusu saa. Maporomoko ya theluji yamo, miti imo, ila mlima haukuwindi. Ukianguka unapoteza mwendo na busti, unanyanyuka, unaendelea. Adhabu ni ndogo na mchezo unabaki mikononi mwako. Wapinzani wa SSX 3 husema hiyo ni ulaini, kwamba baada ya wiki mbili mtu ameshakariri kila tuta na hakuna kinachomshtua. Ni haki kusema hivyo. Yule aliyefikisha uwezo wa mchezaji wake juu kwa fedha za ndani ya mchezo anashinda kompyuta huku anaongea na wenzake.

Kwa mwendo na wepesi wa mikono, mchezo wa 2012 unashinda, na sioni haja ya kubishana. Miruko yake ni mirefu zaidi, muziki unabadilika kufuatana na unavyocheza, na mgeni anapata mizunguko ya kuridhisha ndani ya dakika kumi. Anayetoka SSX 3 aingie kwanza kwenye mipangilio achague vidhibiti vya zamani, ambavyo vinarudisha kushika ubao kwenye vitufe vya mabegani. Watu wengi wameuchukia mchezo huu kwa sababu tu hawakujua mpangilio huo upo.

Sasa tuje kwenye pedi ya pili. Mimi naona hapa ndipo jambo linapoamuliwa, angalau kwa hapa kwetu.

SSX 3 inagawa skrini. Wawili wanakaa bega kwa bega, kila mmoja na nusu yake, wanashuka njia moja. SSX ya 2012 haigawi skrini kabisa. Iliundwa ili ushindane na wenzako kupitia intaneti: mfumo wake ulioitwa RiderNet ulihifadhi muda na pointi zako, rafiki akapata taarifa kwamba umempita, na uliweza kushuka ukifuatana na kivuli cha safari yake. Ilikuja pia na mashindano ya wazi kwa dunia nzima ambayo hayakuhitaji watu wawe mtandaoni kwa wakati mmoja. Watetezi wanasema huu ni ushindani mpana kuliko wa watu wawili kwenye kochi, tena unakusubiri: unaweka rekodi leo usiku, mwenzako anaijibu kesho. Kwa mtu mwenye mashine yake nyumbani Nyegezi au Pasiansi, na bando la uhakika, hoja hiyo imesimama, maadamu seva za mchezo ziko hewani.

Kwenye banda haisimami. Banda linaishi kwa pedi mbili. Wanaokuja ni wawili, wanataka kutambiana, na nyuma yao kuna benchi la wanaosubiri na kutoa maoni wasiyoombwa. Mchezo usiomruhusu wa pili kushika pedi unamweka mwenzake atazame tu, na mwenye banda anakula hasara kwa kila dakika. Njia inayotumika kuukwepa upungufu huo ni kupokezana: mbio moja, njia moja, kila mmoja anashuka mara moja, muda unaandikwa kwenye karatasi. Inawezekana, lakini ikitumika, lazima mkubaliane mapema kuhusu kurudisha muda. Kanuni inayotenda haki ni kukizuia kabisa kitufe hicho kwenye mbio za kupokezana. Atakayedondoka shimoni, muda wake unahesabika jinsi ulivyo. Na wote watumie mchezaji na ubao uleule, kwa sababu vifaa vilivyoboreshwa vinabadilisha mwendo.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuhamia michezo mipya zaidi. Steep ya 2016, iliyotengenezwa na studio ya Ubisoft Annecy, ina milima ya Alps iliyo wazi yote na ni nzuri kwa macho, lakini inadai intaneti muda wote, na mwendo wake ni wa utulivu. Riders Republic ya 2021 nayo inadai intaneti. Kwa banda, mtandao ukikatika mchana ndiyo biashara imelala.

Anayetaka kuweka SSX 3 aangalie mambo machache. CD za PlayStation 2 zimefungwa kwa ukanda: iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani haisomi kwenye mashine ya PAL, yaani ya ukanda wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika, na mashine nyingi zilizoingia huku ni PAL. Soma alama kwenye ganda kabla ya kulipa. Memori kadi ya megabaiti 8 ni lazima, la sivyo vilele vyote vinajifunga upya umeme unapokatika. Usitoe kadi wala kuzima mashine wakati mchezo unahifadhi. Data ikiharibika hapo, mara nyingi huwa imepotea moja kwa moja. PlayStation 3 za mwanzo, zile zenye matundu manne ya USB mbele, zinasoma michezo mingi ya PlayStation 2. Zile nyembamba zilizofuata hazisomi. Ila hizo za mwanzo ndizo zinazojulikana kwa kufa kwa joto na kuwasha taa ya njano, hivyo zisifungiwe ndani ya kabati la mbao kwa kuogopa wezi. Wacha nafasi nyuma na pembeni, punga vumbi mara kwa mara, na kama feni inavuma kama jenereta, peleka ikafunguliwe na kupakwa upya mafuta ya kupitisha joto kabla haijazima yenyewe.

Halafu kuna televisheni. Waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwenye televisheni bapa unatoa picha yenye ukungu na, baya zaidi, picha inayochelewa kidogo. Katika SSX kuchelewa huko kunatosha kukufanya uachie kitufe baada ya ukingo na kuruka mkavu. Washa hali ya michezo kwenye mipangilio ya televisheni. Ikikosekana, televisheni ya zamani ya kichogo, ile ambayo watu wanaiuza kwa bei ya kutupa, inacheza SSX 3 vizuri kuliko bapa mpya. Kwa skrini iliyogawanywa ichukue ya inchi 21 au zaidi, maana kwenye ndogo mtu haoni tuta mpaka ameshalifikia, na hapo mtarudi kwenye giza la Kilimanjaro bila hata taa ya kichwani.