Nyumba Haikuungua, Iliungua Naan

Kabla sijaulizwa tena: nyumba ipo, pazia lipo, nyusi zangu zipo. Yule Mpemba ninayekaa naye hapa Malviya Nagar kawahi kurusha sauti kwenye kundi la Watanzania wa Delhi, eti nimechoma nyumba nikipika naan, ule mkate bapa wa kuumua, anacheka mpaka anakohoa, na sasa hata watu wa mji wa Pune wananiuliza kama mwenye nyumba katufukuza. Hajatufukuza. Sogeeni niwaeleze, maana kuna kipande Mpemba kakiruka kwa makusudi, na hicho ndicho kilichoiangusha naan.

Aunty ni jirani yetu wa ghorofa ya chini. Na mama mkwe wake, Dadi, yule bibi wa magoti anayeshuka ngazi kinyumenyume. Wapunjabi, hawagusi nyama wala yai. Baridi yote hii wametulisha maharage yao na chapati zao za parantha, nikasema safari hii wapande wao juu: malai kofta, yaani madonge ya jibini na viazi ya kukaanga, ya mchuzi mweupe, na naan za kuumua mwenyewe.

Mchuzi kwanza, kwa sababu ulikuwa mzuri na nataka ijulikane hivyo kabla hamjasikia yaliyoupata. Vitunguu maji vikubwa 3, korosho gramu 100, kijiko kikubwa cha mbegu za tikiti zilizomenywa, pilipili mbichi 2. Vinachemshwa kwa maji dakika 15 mpaka kitunguu kibonyee. Hakikaangwi. Kitunguu kikishika rangi tu, mchuzi mweupe basi tena. Vikipoa unasaga, halafu unachuja, na hapo kwenye kuchuja ndipo wengi wanapoona uvivu, kisha wanalalamika mchuzi una chengachenga. Samli vijiko vikubwa 3, iliki 4, karafuu 3, kijiti cha mdalasini, thomu na tangawizi. Mimina uji wako wa korosho, moto mdogo, na usitoke hapo, korosho inashika chini ukigeuza shingo. Samli ikianza kuchungulia pembeni, ondoa sufuria motoni. Mtindi kikombe 1, uliopigwa, usiwe wa baridi, uingie kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiumwaga wote kwenye mchuzi unaochemka unakatika, na mtindi uliokatika haurudi. Malai, yaani krimu ya maziwa, nusu kikombe mwisho kabisa, rudisha kwenye moto wa chini sana, upate moto lakini usichemke.

Binzari hapana. Pilipili nyekundu hapana. Pilipili manga nyeupe ndiyo. Mchuzi ukatoka mweupe pee, nikaita mpaka jirani wa mlango wa pili aje auchungulie. Juu nikadondosha kewra, manukato ya maua ya kutia chakulani, niliyoifuata soko la viungo la Khari Baoli, matone mawili tu, maana ile ya kichupa kidogo ni kali, si ile ya maji inayopimwa kwa kijiko. Wa Unguja na Pemba, kewra ni jamaa wa mkadi wetu. Ukizidisha, wageni watadhani wamekuja kumtoa mwali.

Najua kuna mdau ataandika kwamba kofta za viazi si za Kimughal, yaani si za upishi wa wafalme wa zamani wa hapa. Sawa. Babur, mfalme wao wa kwanza, alipoitwaa Delhi mwaka 1526 hakukuta kiazi hapa, wala korosho, wala pilipili. Vyote vitatu asili yake Amerika na ni Wareno waliovileta Bara Hindi. Wapishi wa mabwana wale walitia lozi. Sasa mimi bei ya lozi nitaiweza? Korosho zenyewe nimejipa moyo kwamba huenda ni za Mtwara, kwa sababu zetu nyingi zimekuwa zikisafirishwa ghafi, na baadhi hubanguliwa huku India.

Kofta zilinitii. Paneer, lile jibini laini la Kihindi, gramu 250, viazi 3 vilivyochemshwa na maganda yake na kulala friji usiku kucha, kwa sababu kiazi cha moto kina maji na maji ndiyo yanayopasua kofta kwenye mafuta. Kornflawa vijiko vikubwa 3, chumvi, iliki ya unga. Unaikanda paneer kwa kiganja mpaka iwe laini bila punje, ndipo kiazi kinaingia. Katikati ya kila donge weka vipande vya korosho na zabibu kavu mbili, halafu viringisha mpaka usione ufa hata mmoja. Kaanga moja ya majaribio. Ikifumuka ongeza kornflawa, usiongeze maombi. Na usiiguse dakika ya kwanza, iache ijenge ngozi. Nilipozitoa nikaziweka sahani ya pembeni, mbali na mchuzi, kwa sababu kofta huwekwa mezani ndipo inamwagiwa. Ikikaa kwenye mchuzi inavimba na kumeguka. Ikumbukeni hiyo sahani ya pembeni.

Unga sasa. Unga mweupe wa ngano nusu kilo, hamira ya chenga kijiko cha chai 1½, sukari 2, chumvi 1½, mtindi nusu kikombe, mafuta vijiko vikubwa 2, maji vuguvugu unayatia kwa kuangalia mkono mpaka donge liwe laini na linate kidogo. Kidogo kunata ni lazima. Donge gumu linatoa naan ya kufungia mlango. Kwetu Tanga unga kama huo ungekuwa umefura ndani ya saa moja. Delhi mwezi wa Januari, jiko halina hita, saa mbili zimepita na unga umenuna vilevile. Nikaufunika bakuli, nikaulaza kitandani kwangu chini ya blanketi pamoja na chupa ya maji ya moto. Hiyo sehemu Mpemba kaisimulia kwa usahihi, sina la kubisha. Ila uliumuka.

Haya, tawa, yaani chuma cha chapati. Hapa msikilize vizuri.

Hatuna tanuri la udongo. Kwenye tanuri naan inapigwa ukutani na upande uliolowa maji ndio unaoshika udongo. Nyumbani unafanya hivyohivyo kwa tawa la chuma: sukuma naan unene wa nusu sentimita, lowesha upande mmoja kwa maji, ubandike kwenye tawa lililopata moto mpaka tone la maji likidondoka linaruka na kupotea. Ule unga uliolowa unaiva papo hapo na kugeuka gundi. Juu yakitokea mapovu, unashika mpini, unaligeuza tawa zima kichwa chini juu ya moto, naan inaning'inia na kuungua madoa vizuri. Masharti mawili tu: tawa lisiwe lile lisiloshika, na lisiwe na mafuta. Hata harufu ya mafuta.

Tawa langu ni la chuma. Asubuhi nililiacha kavu kabisa.

Wageni wamefika. Aunty kasimama mlangoni mwa jiko, Dadi kapewa kiti, mjukuu kashika simu anarekodi kwa sababu nilimwambia arekodi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikalowesha naan ya kwanza, nikabandika. Nikasikia moshi mkali unaniwasha macho, harufu kama ya haradali. Nikajua ni jirani anakaanga samaki. Jirani wa Malviya Nagar, mla majani, anakaanga samaki!

Mapovu yakatoka. Makubwa, mazuri. Nikaanza kuwafundisha Wahindi kupika naan. Kwa Kihindi changu hiki cha kununulia nyanya nikasema, tazama Dadi, maji, maji yanashika, haianguki. Kwenye video ya mjukuu, hapo ndipo nilipoinua kidole. Nikashika mpini. Nikageuza.

Ikakaa.

Naapa ilikaa. Nikapata muda wa kumtazama Dadi na kutabasamu. Kisha ukingo mmoja, ule wa karibu na mpini, ukaachia. Taratibu. Ikashuka robo, ikabaki imeshikilia kwa upande wa pili inapepea juu ya moto, na mimi badala ya kugeuza tawa lirudi juu nikaanza kuifuata kwa tawa, kushoto, kulia, kama mtu anayekinga maji ya paa linalovuja. Ikaachia yote. Ikatua kifudifudi, upande mbichi chini, juu ya kichwa cha jiko. Moto ukafifia chini yake, halafu ukapenya pembeni kwa rangi ya chungwa, na mapovu yale mazuri yakaanza kupasuka moja moja, pu, pu, yakitoa moshi.

Hakuna aliyesema kitu. Nikachukua koleo. Nikavuta. Unga mbichi ulikuwa umeshauma zile tundu za jiko, haukutaka kuondoka, ukavutika, ukavutika, nami nikaweka mguu ukutani (ndiyo, mguu), nikavuta tena. Ikakatika. Nusu ikabaki imeng'ang'ania kichwa cha jiko. Nusu ya pili, yenye ukingo unaowaka, ikatoka na koleo kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ikapita mbele ya uso wangu, na niliiona vizuri sana ikipita, ina madoa meusi na kona moja nyekundu, ikaenda kuangukia jiko la pili kwenye sufuria ya mchuzi mweupe pee.

Ikalia tsss.

Ikazama nusu. Majivu yakatawanyika juu ya malai. Miwani yangu ikapata mchuzi, nikawa sioni, nasikia tu gesi inatoa sauti na Dadi anamwita Mungu wake. Nilipofuta miwani, Dadi wa magoti, Dadi wa ngazi kinyumenyume, alikuwa ameshachuchumaa kwenye mtungi na kufunga regulata. Mpemba alikuwa mlangoni, viatu miguuni, mkoba mkononi. Mkoba! Hiyo kwenye sauti yake hamkuisikia.

Yaliyobaki ni mafupi. Naan iliyozama niliiopoa kwa upawa bila kukoroga, maana ukikoroga majivu yanachanganyika na mchuzi unakuwa wa kijivu. Nikauchuja kwa kitambaa chembamba. Kofta zilikuwa salama kwenye sahani yake. Madonge yaliyobaki Aunty aliyapika mwenyewe kwenye tawa lake la chini, kawaida tu, upande wa kwanza akiwa amefunikia kifuniko, kisha samli juu. Yakafura vizuri. Baba mwenye nyumba alikuja kwa kuchelewa, akaonja mchuzi, akauliza nani kamfundisha Mwafrika huyu dhungar, ule ufundi wa kuweka kaa la moto na samli kwenye kibakuli katikati ya chakula ili kishike harufu ya moshi. Mjukuu akaenda kucheka chooni. Mimi nikamwongezea kofta.

Ila kabla ya kula, Dadi alilichukua tawa langu lilipopoa. Akapitisha kidole, akakinusa, akasema "sarson". Haradali. Akatugeukia, ananiangalia mimi, anamwangalia Mpemba. Mpemba anaangalia feni ya dari, Januari.

Mchana nilipokwenda dukani, mwenzangu kaona tawa limekauka, kalihurumia. Kalisugua, kalipaka mafuta ya haradali ndani mpaka pembeni, karudisha msumarini. Eti kwao Wete chuma cha chapati hakilali kikavu, kitaota kutu. Na kwa chapati ana haki kabisa, sibishi, chuma cha chapati kinataka mafuta. Lakini hapo pembeni kulikuwa na bakuli la unga lililolala kitandani kwangu tangu asubuhi, alidhani ni chapati gani hizo zenye blanketi?

Wenye tawa lililopakwa mafuta na mnataka naan: lisugueni kwa chumvi na unga mkavu, futeni, liacheni motoni mpaka liache kutoa moshi lenyewe, poozeni, futeni tena. Wengine wanatia chumvi kwenye yale maji ya kulowesha ili ishike zaidi. Halafu geuzeni kidogo tu kwanza, juu ya meza, si juu ya moto wala karibu na sufuria ya mtu.

Na wewe Mpemba, najua unasoma. Tundu za jiko la kushoto bado zimeziba unga. Sindano nimekuwekea juu ya friji.