Sikulia. Nilikuwa Nasali.

Kamweneni.

Najua habari mmeshaipata. Kundi la kwaya mnayo, kundi la mafundi mnayo, na jana pale Mwanjelwa muuza mitumba nisiyemjua hata kwa sura amenisalimia "Haleluya, ova!" Basi acheni niieleze mwenyewe, maana yule jamaa yangu wa Songwe ameitangaza anavyotaka yeye. Anasema nililia. Anasema nilitaka kufungua mlango wa ndege. Uongo mtupu. Mlango sikuugusa.

Nilikuwa Iringa, kazi ya jenereta. Nimemaliza, nawaza basi la kurudi Mbeya na zile saa zake, mara nasikia rubani mmoja anatoka Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, na ndege tupu, anakwenda kuchukua wageni Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya. Nikabembeleza. Akakubali. Cessna 206, injini moja mbele, viti sita, na mimi nikawekwa kiti cha mbele kulia, chenye usukani kama wa rubani. Nikavalishwa hedifoni zenye maiki mdomoni. Nikapiga selfi saba. (Mlioziona mkaweka moyo, asanteni. Mnaweza kuiondoa sasa.)

Rubani akanionya: usiguse usukani, na begi weka nyuma. Usukani sikuugusa. Begi nikasema hapana, kuna kitu cha kumwagika.

Sasa hapa ndipo jamaa yangu anaporuka kwenye toleo lake. Ndani ya begi kulikuwa na dumu la lita tatu la ulanzi, pombe ya mianzi. Mama muuzaji aliniapia kuwa ni mtogwa, umegemwa asubuhi, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ulanzi ule ulikuwa unaelekea ukangafu, ule ukali wa kulevya, kwa mwendo wa bodaboda. Watu wa Iringa mnajua kifuniko cha ulanzi hakikazwi, kinalegezwa ili upumue. Mimi, kwa kuogopa harufu, nilikikaza kwa koleo. Fundi bwana.

Tukaruka. Hewa imetulia, Usangu chini imelala kama mkeka, nikaanza kuimba. Nikiimba najisikia masikioni vizuri kuliko hata kanisani. Rubani akavumilia beti mbili, kisha akashika kitufe kidogo cha sauti, akanipunguza. Sikukasirika. Nikajua sasa niko peke yangu na Mungu wangu.

Tulikuwa futi 10,500. Ndege ndogo kama ile haijazwi hewa ndani kama zile kubwa. Ukipanda, hewa inayokuzunguka inapungua nguvu, na chochote kilichofungwa kikiwa na hewa kinavimba. Pakiti ya bisi inavimba. Sasa fikiria dumu la ulanzi unaochacha, limekazwa kwa koleo. Likavimba, begi likavimba nalo, taratibu, kama maandazi kwenye mafuta, mpaka likaegemea pembe ya usukani wangu. Kwenye pembe ile kuna kitufe. Kitufe cha kuongea redioni.

Mimi nilidhani begi limekaa vibaya tu.

Kwa wasiojua, kama mimi hadi Jumanne: redio ya ndege si simu. Masafa ni njia moja nyembamba, anapita mmoja mmoja. Ukibonyeza kitufe unasema, ukiachia unasikia. Ukibonyeza usiachie, wewe husikii kitu, na wote walio kwenye masafa hayo wanakusikia wewe tu. Mwingine akijaribu kuongea juu yako, inatoka milio kama nguruwe amebanwa mlangoni. Tena mawimbi yale husafiri yamenyooka, milima ndiyo huyazuia; ukiwa chini hufiki mbali. Ukiwa futi 10,500 unasikika zaidi ya kilomita 200.

Kilomita mia mbili, ndugu zangu.

Tukakaribia milima ya Mbeya, na kwa jua lile la mchana ndege ikaanza kurukaruka. Nikamtazama rubani. Rubani akaita mnara wa kuongozea ndege, akasubiri. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akagonga redio kwa kidole. Kisha akanigeukia, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa pole pole, huku na huku.

Alimaanisha "redio haisikii". Mimi nilielewa "tunakufa".

Akazungusha namba kwenye kimashine kingine, 7600. Baadaye ndiyo nikaambiwa kuwa ni namba ya kuwaonyesha wa chini kwamba redio yako imekufa, nao watakuongoza kwa taa: kijani isiyokatika, tua. Wakati ule nilijua anaandika ya mwisho.

Ndege ikadondoka kidogo. Tumbo likabaki juu. Na mimi nikafungua kinywa.

"Ee Bwana," nikaanza, na sauti ilikuwa kavu kabisa, sikuwa nalia. "Ee Bwana, ukinishusha salama leo nitarudisha ile elfu themanini ya sare za kwaya. Sikuibiwa kwenye daladala. Nilinunua spika."

Ndege ikaruka tena.

"Spika mbili, Bwana."

Rubani yupo pale ameinamia mitambo yake, hanisikii, nami ndivyo ninavyotaka. Nikaendelea. Mama mkwe niliyemwambia niko Dar wakati niko Uyole, nikamtaja. Solo ya Pasaka niliyosema nimepata mafua, kumbe nilisahau maneno, nikaisema. Kisha nikakumbatia begi, nikalikandamiza vizuri zaidi kwenye usukani, nikasema ile sentensi:

"Na huu ulanzi, Bwana, unajua si wangu. Ni wa mhazini wa kwaya, ameniagiza mwenyewe, amesema niuite juisi ya nanasi."

Mhazini wa kwaya ni nani? Ni huyo huyo jamaa yangu. Kazi yake? Kupokea ndege ndogo Songwe. Siku hiyo alikuwa amesimama wapi? Uwanjani, redio ya mkononi imewashwa, na wenzake wanne pembeni.

(Ngojeni kwanza nimalize, maoni baadaye.)

Rubani akaona kitu. Kwenye redio kulikuwa na herufi mbili ndogo, TX, zinazowaka unapoongea. Yeye alikuwa ameachia kitufe, nazo bado zinawaka. Macho yake yakatoka kwenye redio, yakaja kwenye usukani wangu, yakashuka kwenye begi, yakapanda hadi usoni kwangu, kwenye midomo yangu, ambayo wakati huo ilikuwa inaahidi kuacha kubeti. Hakusema neno. Alinyoosha mkono mmoja, akashika begi, akalivuta.

Kho! Masikio yakafunguka. Ukimya ukajaa mikwaruzo, na jambo la kwanza kutoka kwenye masafa yale, kwa sauti nzito, tulivu, ya mtu ambaye mpaka leo sijamjua, lilikuwa:

"Amina."

Halafu mwingine, Kiingereza cha rubani wa ndege kubwa, akauliza kama sasa anaruhusiwa kuwasha injini, maana alikuwa anasubiri ibada iishe.

Nashukuru kwa jambo moja: haikuwa 121.5, masafa ya dharura, ambayo ndege kubwa zinazopita juu huyasikiliza. Ningetubu mpaka Johannesburg.

Kilichobaki ni kidogo. Rubani akaomba radhi redioni kwa niaba yangu. Tukatua. Hakuniaga. Jamaa yangu alikuja mpaka mlangoni, hakunisalimia, akachukua begi haraka haraka, akajificha nyuma ya gari la mizigo, akalegeza kifuniko. Mlio wake niliusikia nikiwa bado kwenye kiti. Elfu themanini nimeituma jioni ile ile. Mama mkwe amepiga simu, sijapokea.

Kwa hiyo akiwahadithia tena jinsi nilivyolia, msibishane naye. Muulizeni tu lile jaketi lake la njano la uwanjani limefuliwa mara ngapi tangu Jumanne, na juisi ya nanasi imeanza lini kunukia mianzi.