Huyo Mama Kaja Kusoma au Kaja Kuchekwa?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumekaa ukumbini kwa shangazi yangu, huko Wete, Pemba, mkate wa kumimina umeshakatwa na chai ya mdalasini imo chupani, na mtoto wa kaka yangu akaunganisha simu yake na televisheni ili tuangalie sehemu ya kwanza ya Mind Your Language, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza kuhusu wageni wanaosoma Kiingereza. Niliyeichagua ni mimi. Nimeupenda mchezo huo tangu utotoni, tulipokuwa tukiuangalia kwa kanda za video za kuazimana, zilizochakaa kiasi kwamba picha ilikuwa ikikatika katikati ya kicheko.

Shangazi hajui Kiingereza, kwa hiyo kijana alikuwa akimfasiria. Alicheka pamoja nasi kwa muda mrefu. Alipoonekana Jamila, yule mama wa Kihindi aliyefika darasani hana Kiingereza cha kujielezea, na watazamaji wa studioni wakaangua kicheko, shangazi aliweka kikombe chini akauliza: "Huyo mama kaja kusoma au kaja kuchekwa?" Hakuna aliyemjibu, nami nimekaa na swali hilo wiki nzima.

Niseme kwanza ninachokipenda, kwa sababu ninakipenda kweli. Sehemu hiyo, iliyorushwa Uingereza tarehe 30 Disemba 1977, imejengwa kwa ustadi mkubwa. Mwalimu Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anapewa kazi kwa majaribio ya mwezi mmoja na mkuu wa skuli ambaye angependa zaidi mwalimu mwanamke. Anaambiwa kuwa mwenzake aliyemtangulia alirukwa na akili. Kisha anaachiwa darasa la watu wazima, kila mmoja na jina lake, nchi yake na kazi yake. Mimi nasomesha Kiswahili kwa wageni, Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na moja sasa, na ninaijua siku ya kwanza ya darasa kama ninavyokijua kiganja changu. Najua jinsi mtu mzima mwenye kazi na heshima kwao anavyokaa mbele yangu akiwa hana hata neno la kuombea maji. Mchezo huu umeliona hilo. Wanafunzi wa Brown wanatoka jikoni, baa, ubalozini na kwenye reli ya chini ya ardhi, wamechoka, na bado wanakuja kusoma usiku. Ni michezo michache ya televisheni ninayoijua iliyomfanya mwanafunzi wa lugha kuwa mtu wa kufuatiliwa.

Zara Nutley, katika nafasi ya mkuu wa skuli, hana kasoro hata moja.

Tatizo langu liko kwenye kicheko chenyewe, maana ndani ya sehemu hiyo mna vicheko viwili, na kwa miaka mingi nilivichanganya. Cha kwanza ni kicheko cha lugha. Taro, Mjapani, anatia "o" mwishoni mwa karibu kila neno la Kiingereza, na kijana wetu alicheka sana. Nikamwuliza sisi tumefanya nini tulipokuta neno la Kiingereza la skuli, tukalitia irabu mwishoni ili lipite mdomoni mwetu, na tukafanya vivyo hivyo kwa benki na basi. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda maneno yaishie kwa irabu. Kosa la Taro lina mantiki, na mantiki hiyo ni yetu pia. Hapo tunacheka tukiwa ndani ya darasa.

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Ulaya alimwambia bibi mwenye nyumba aliyopanga, "Nimefurahi kukuoa." Bibi alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akamshika mkono na kumrudisha kwenye neno, "Kukuona, mwanangu, ku-ku-o-na," mpaka kijana akalitamka sawasawa, halafu akamkaribisha ndani ale. Kicheko hicho sina ugomvi nacho, na mwanafunzi yule hakulikosea neno hilo tena.

Kicheko cha pili kinamcheka mtu kwa kuwa alivyo, na Jamila ndiye aliyekibeba zaidi ya wote. Katika mfululizo anaonekana akifuma sweta darasani, na maneno yake ni ya kuhesabu. Wengine wamepewa kosa la kufanya, na kosa ni aina ya kusema. Yeye amepewa kunyamaza. Shangazi yangu alikwenda kisomo cha watu wazima akiwa na watoto watatu, mmoja mgongoni. Anasimulia jinsi alivyokuwa akishika kalamu kama anayeshika mwiko, na jinsi alivyokuwa akikaa nyuma kabisa ili asiulizwe. Sikupata kumwona shangazi katika Jamila mpaka usiku ule, na hilo linaniuma, kwa sababu kazi yangu ni kuwaona watu kama hao.

Hata waliopewa nafasi ya kusema hawakuchukuliwa kwa uzito. Ranjeet Singh, Singasinga, aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Max, Mgiriki, aliigizwa na Kevork Malikyan, Muarmenia mzaliwa wa Uturuki. Mwigizaji ana haki ya kuigiza mtu yeyote, hilo nalikubali, na wote wawili wanachekesha. Lakini mchezo unaohusu namna kila taifa linavyotamka maneno ulipaswa kujali zaidi mtamkaji katoka wapi.

Mimi ni Mpemba. Nilipofika Unguja kuanza kidato cha tano, nilisimama darasani siku ya kwanza kujibu swali, nikatamka neno moja la kawaida kabisa la nyumbani, na darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Jibu langu lilikuwa sahihi. Kwa muda wote uliobaki wa dakhalia nilijifunza kusema kama wao, na neno lile mpaka leo nalitumia tu nikishateremka bandarini Mkoani. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, sisi tumebaki wenye lahaja, na vichekesho vya televisheni zetu wenyewe vinaendelea kumleta Mpemba jukwaani ili aseme sentensi moja, watu wacheke, aondoke. Waandishi wa vichekesho hivyo wananiambia ni utani wa watani. Utani una pande mbili, na anayetaniwa hupata zamu ya kujibu. Mpemba wao hapewi zamu hiyo, kama Jamila.

Kuna jambo jingine ambalo utotoni sikulijua. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1977, chama cha National Front, kilichotaka wahamiaji wasio weupe warudishwe makwao, kiliandamana Lewisham, kusini mwa London, na mapambano yakazuka mitaani. Miezi minne baadaye nchi hiyohiyo ikaletewa sebuleni darasa la wageni wasiojua kusema. Sisi huku tulicheka tukiwa mbali na mitaa ile. Mtoto wa Kipakistani wa London aliyeitwa jina la Ali Nadim, Mpakistani wa mchezo huo, skulini siku ya pili yake hakuwa na umbali huo. Mwaka 1979, baada ya sehemu 29, mkurugenzi wa vipindi wa kituo kilichourusha, Michael Grade, aliusimamisha mchezo kwa kuona kwamba unawadhalilisha watu kwa mataifa yao. Nimemlaumu mtu huyo kwa miaka mingi. Leo naona alikuwa na hoja, ingawa kulikubali hilo ni kuchungu kwangu, kwani Brown ni mwalimu mvumilivu, harudi nyuma, na naamini mchezo ule ungeweza kurekebishwa kwa kuwaandikia wanafunzi wake maneno bora zaidi.

Dino Shafeek, aliyemwigiza Ali, ananichekesha mpaka leo, na nitaiangalia sehemu hiyo tena.

Asubuhi, kabla sijaondoka kwenda bandarini, nilimkuta shangazi barazani akichambua mchele. Nilimweleza kwamba aliyemwigiza Jamila, Jamila Massey, mzaliwa wa Simla, India, alikuwa mtangazaji na mwandishi, na kwamba yeye na mumewe waliandika vitabu kwa Kiingereza hichohicho. Shangazi alisimamisha ungo mapajani.

"Basi si wangempa aseme."