Hifadhi ya Pwani: Maji Yapange Safari, Si Njia

Watu wengi huiendea hifadhi ya pwani yenye majabali kana kwamba wanapanda mlima: huhesabu kilomita, hupiga picha kwenye ukingo wa genge, kisha hurudi wakilalamika kwamba ndege walikuwa wachache. Kosa si la ndege. Anayetaka kutembea na kutazama ndege siku hiyohiyo hana budi kuyaachia maji yampangie safari.

Bahari hujaa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huongezeka. Maji yakipwa, sululu na vitwitwi hutawanyika matopeni wakitafuta minyoo na kaa wadogo, na hata kwa darubini huonekana kama vidoa tu. Yakianza kujaa, maji huwasukuma taratibu kuelekea nchi kavu, mpaka wakabanana juu ya miamba michache iliyosalia. Ndiyo maana mimi huketi nyuma ya jiwe muda wa saa mbili hivi kabla maji hayajajaa kabisa, nikawaacha waje wenyewe.

Siku moja tamaa ya picha ilinifanya nisogee hatua kumi zaidi, na kundi zima likaruka. Nililiona jambo dogo (walipendeza mno angani, nakiri), ila ndege wa safari ndefu huishi kwa akiba ya mafuta mwilini, na kila mruko usio wa lazima huipunguza. Mwaka 2022, ndege mchanga wa jamii ya sululu alifuatiliwa kwa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua.

Matembezi nayaweka wakati maji yanapokupwa, nami siingii chini ya magenge maji yakishageuka, kwa kuwa ghuba ndogo huzibwa upesi na nyuma hubaki ukuta wa mwamba. Viatu viwe vya kushika jiwe lenye utelezi.

Wapo wanaonung'unika njia zinapofungwa msimu wa kutaga. Mayai ya ndege wengi wa pwani huwekwa chini, na madoa yake huyafanya yafanane na changarawe. Mtembeaji huyakanyaga bila kujua. Kwa maoni yangu, njia zinazofungwa bado ni chache.