Mwakachuma Alikufa Mara Tatu

Nilishuka stendi ya Nane Nane, Mbeya, usiku nikitokea chuoni Iringa, baridi ya Juni imenikaba kama mdai. Dereva wa bajaji akanipokea begi, akawasha chombo chake, kisha akasema peke yake: "Haya, twende kwa kishindo cha kimya!"

Nikageuka. Sentensi ile ninaijua. Ninaijua kwa sababu niliiandika mimi, kidato cha pili, kipindi cha fizikia, nikiwa nimejificha nyuma ya mwenzangu mwenye mabega mapana.

"Kaka, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"We si wa hapa nini? Hayo ya Mwakachuma hayo!"

Tangu Sae mpaka Mama John sikufungua mdomo.

Nieleze kidogo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikuwa nimekesha kwenye mabanda ya video kiasi cha kuamini kwamba Mbeya inakosa kitu kimoja tu, shujaa wake mwenye upanga. Nikanunua kaunta buku la kwaya 3, nikaazima kamusi, nikaanza *Mwakachuma wa Rungwe*. Kamusi ndiyo iliyoniponza. Kila neno nililolipenda sura nililitumia, maana yake tungeijua mbele ya safari. Ndiyo maana binti wa Ziwa Ngosi, mrembo aliyetekwa na joka, alikuwa na "pua ya mrabaha". Shujaa mwenyewe "alisimama wima huku amelala, macho yake mawili, hasa la tatu, yakibubujika machozi ya jasho". Sura ya tatu akauawa. Sura ya nne anakunywa chai. Sura ya tano akauawa tena, safari hii "papo hapo, polepole". Katikati hapo alikwenda Mbozi kuiba kile kimondo, akakitia mfukoni. Kimondo cha Mbozi kina tani zaidi ya kumi. Nilikuwa nimepelekwa na shule kukiona kwa macho yangu, nikakipapasa kabisa, na bado nikamtilia mfukoni.

Nilipomaliza niliona nimefanya kazi kubwa. Nikaificha chini ya godoro, nikaenda kidato cha tano, nikaisahau.

Shangazi alinipokea kwa ndizi na maziwa ya mgando. Yeye anauza karanga pale Soweto, jirani na kijiwe cha bodaboda. Nilipokwisha kushiba nikamuuliza karatasi za kufungia anazitoa wapi.

"Mama yako alinipa madaftari yako yote ya zamani, baba. Ndaga fijo, yamenisaidia! Hasa lile kubwa. Wateja wanalipenda sana, sijui lina nini. Mwingine anarudisha karanga anasema hii karatasi nimeshaisoma, nipe nyingine."

Nikamuuliza kama ameshawahi kulisoma.

"Mie nisome saa ngapi? Mie nafunga karanga."

Chumba cha uani kwa Shangazi kimepangwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mpole, mwenye redio kubwa. Asubuhi nikamfuata kama anayetaka mazungumzo tu. Nikagusia habari za karanga. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaanza kutetemeka mabega.

"Mwanangu, mie ndiye niliyewafundisha wale vijana ule mchezo."

Akanisimulia kwamba Marekani kuna hadithi inaitwa *The Eye of Argon*, yaani Jicho la Argon. Iliandikwa na kijana wa Missouri, Jim Theis, akiwa na miaka 16, ikatoka mwaka 1970 kwenye kijarida cha wapenzi wa hadithi za kubuni. Shujaa wake anaitwa Grignr, jina ambalo Mwalimu alilitamka mara tatu, kila mara tofauti. Mna zumaridi nyekundu humo. Zumaridi, jiwe ambalo rangi yake ni kijani! Tahajia imekwenda kombo ukurasa hata ukurasa. Basi wapenzi wa hadithi hizo huko kwao, wakikusanyika kwenye makongamano yao, huisoma kwa sauti: unasoma kama ilivyoandikwa, makosa na yote, ukicheka tu unampa mwenzio. Wamefanya hivyo miaka na miaka. Na nakala waliyokuwa wakiisoma haikuwa na mwisho, karatasi ya mwisho ilikuwa imepotea, mpaka mwaka 2005 ilipopatikana nakala kamili kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja cha New Mexico.

"Mwenyewe alifurahi?" nikauliza.

"Alishafariki, mwaka 2002. Na alipokuwa hai aliwahi kusema redioni kwamba kuchekwa kule kulimuumiza." Mwalimu akarudisha miwani usoni. "Hapo ndipo mie huwa naacha kucheka kidogo. Lakini huyu wa kwetu, huyu wa kimondo mfukoni! Sijui ni nani. Ningempa mkono."

Mkono wangu niliutia mfukoni, ulikokuwa na nafasi kuliko kimondo.

Jioni nikaenda kijiweni. Nilijiambia nakwenda kumsaidia Shangazi kubeba jiko. Uongo mtupu, nilitaka kusikia. Vijana kama kumi wamekaa juu ya pikipiki, makoti mpaka shingoni, karatasi zinapita mkono kwa mkono, zina mafuta ya karanga mpaka unaona taa upande wa pili. Sheria ni ya Mwalimu, wao wameongeza faini: ukicheka unawanunulia wenzako karanga. Shangazi hajui fasihi, ila mauzo ya mwezi ule alikuwa anayajua vizuri.

Wa kwanza akafika "jua la usiku wa manane", akaanguka. Wa pili alijitahidi, akang'ata kola, akafika kwenye machozi ya jasho, akashuka pikipiki kabisa akaenda kucheka kwenye mtaro. Halafu mmoja akanitazama.

"Msomi naye asome!"

Nikasoma. Sikucheka. Ningechekaje? Wenzangu walikuwa wanasikia upuuzi, mie nilikuwa nakumbuka ile dawati, ule mwanga wa dirishani, na jinsi nilivyokuwa nimempenda yule binti wa Ngosi na pua yake. Nikamaliza ukurasa wa kwanza, nikapewa wa pili, wa tatu. Pakatulia. Jamaa wakaanza kunitazama kama anayekula pilipili bila maji. Ushindi ulikuwa wangu, na ningeondoka nao salama kama nisingefika kwenye karatasi iliyochanika pembeni.

"Imekatika hapo," akasema mwenye karatasi. "Sisi huwa tunasema 'pua ya mraba'."

"Mrabaha!" nikafoka. "Pua ya *mrabaha*! Mraba ungekuwa na maana gani hapo?"

Kimya.

"Na kuanzia hapo anasema, 'Ewe Mwakachuma, nifungue kamba hizi ambazo sijafungwa.'"

Kimya kingine, kirefu zaidi. Halafu yule wa bajaji wa jana akanyanyua kidole taratibu. "Ni yeye."

Sitasahau kelele ile. Nilibebwa. Honi zilipigwa mpaka mama mmoja mwenye mbeleko akauliza nani ameoa. Mwalimu alitoka mbio na kandambili, akanipa mkono kwa mikono miwili, macho yamemlowa, sijui ni kwa kicheko au kwa aibu ya asubuhi. Lakini sherehe haikufika mbali, kwa sababu mtu akauliza swali walilokuwa nalo mwezi mzima: mwisho ikawaje? Karatasi ya mwisho haikuwahi kufika kijiweni. Wengine walisema ilifungia karanga za abiria wa Tukuyu. Na mie, mtunzi mwenyewe, mwisho nilikuwa nimeusahau.

"Nitawaandikia," nikaahidi.

Nikakesha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, fani ya lugha, nikaandika mwisho wenye mpangilio, mlima Rungwe ukiwa kwenye ukungu, shujaa akirudisha kimondo mahali pake. Kesho yake nikausoma kijiweni. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyefanya chochote.

"Huyu si yeye," akasema mmoja kwa huzuni. "Huyu anaandika vizuri."

"Ametuletea feki," akasema mwingine, akawasha pikipiki.

Nilijaribu tena usiku ule, nikakusudia kukosea. Haikuja. Nilikuwa nakosea kama mtu anayeigiza ulevi.

Ni Mwalimu aliyepata wazo la kumuuliza Shangazi mwenyewe. Shangazi akashangaa. "Jalada la nyuma na karatasi yake ya mwisho? Si hii hapa! Hii siwezi kufungia karanga, ina mambo yangu." Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne. Nilipotaka kuichukua akanipiga kofi la mkono. Atasoma mwenyewe.

Jioni kijiwe kilijaa. Shangazi akasimama kando ya jiko, akavuta kanga, akasoma kwa sauti ile anayosomea tangazo la kanisani:

"Ndipo Mwakachuma akafa mara ya tatu, akiwa na afya njema. Akamwoa binti wa Ngosi, wakaenda zao Kyela, wakala wali mpaka leo jana."

Watu walilia. Mwalimu alikaa chini. Kumi nzima wakacheka pamoja, faini ikapigiwa mahesabu hapohapo, na Shangazi peke yake, uso mkavu, hakuwa amecheka hata chembe.

"Bado haijaisha," akasema, akageuza karatasi upande wa pili, akakohoa. "Bajaji nyekundu, elfu tatu na mia mbili. Yule mrefu wa koti la jeshi, elfu moja mia nane, tangu Pasaka. Mwalimu..."

Pikipiki nne ziliwaka kwa mpigo.